Utepe wa Kijani Nilioufunga kwa Mkono Wangu

Utepe nilioufunga kwenye mkono wa yule morani ulikuwa wa kijani. Naapa.

Dakika kumi baadaye nikautazama tena. Ulikuwa mwekundu.

Na sikuwa nimelewa, msianze.

Ngoja nianze mwanzo tusije tukapotezana.

Mimi ni nesi. Naitwa Lukresia, binti wa mzee Felisiani wa Ganako, sisi ni watu wa jembe. Mwaka juzi nilimaliza chuo nikabahatika kupata nafasi mbili.

Ya kwanza, zahanati ya kambi ya watalii kule Engaresero. Wagonjwa wawili kwa siku, mmoja kaungua jua, mwingine tumbo limemvuruga.

Ya pili, chumba cha dharura kwenye hospitali moja hapa Karatu, jina naliweka kapuni. Ajali za barabara ya kreta karibu zote zinaishia pale.

Nikachagua ya pili.

"We mtoto una akili timamu kweli?" baba akauliza. "Umetengewa nyama, unakimbilia mfupa?"

"Baba, kule nitasahau hata kushika sindano. Nataka kuijua kazi."

Akaguna. Baba yangu akiguna, ujue kesi imeahirishwa, haijafutwa.

Aliyenipokea ni Matroni Brigita, mkuu wa manesi. Mama mfupi, sauti ya chini, lakini madokta wenyewe wakimwona wanachomekea shati.

"Kwa nini umechagua hapa?"

Nikajibu kwa mbwembwe, "Sivumilii kusikia mtu analia halafu nisimsaidie."

Akanitazama weee.

"Majaribio miezi mitatu," akasema. "Kosa naweza kusamehe. Uongo hapana, maana uongo wa humu ndani unaua mtu."

Nikaitikia. Nilidhani ni maneno ya kumtisha mgeni tu.

Mwezi wangu wa tatu kazini, siku ya mnada, saa nne asubuhi, fuso lililobeba watu na mbuzi likapinduka mteremkoni. Majeruhi kumi na wanne kwa mpigo! Dokta mmoja, Josephati. Manesi wawili.

Matroni akanikabidhi mfuko wa tepe. "Lukresia, mlangoni. Wa utepe mwekundu anaingia sasa hivi, wa njano anasubiri kidogo, wa kijani anakaa benchi la nje. Kila mtu mshike mapigo ya moyo kwanza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Matroni."

Kuelewa nilielewa. Shida ilikuwa Modest.

Modest ni utingo wa lile fuso. Mkono umevunjika, na mdomo wake mzima kabisa. "Sista nakufaaa! Mwambieni mama yangu! Nakufa mimi!"

Aisee, ile sauti ilinivuruga. Nikawa namkimbilia yeye, narudi kwa wengine, namkimbilia tena.

Pembeni alisimama morani mmoja, kijana wa miaka ishirini hivi, ameegemea fimbo yake kimya. Baadaye nilikuja kujua anaitwa Saning'o.

"Kaka, unaumwa?"

"Hapana."

"Moja mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi?"

"Hakuna. Mtazame yule anayelia."

Nikasema moyoni, hawa watu bwana, chuma tupu. Nikamfunga utepe wa kijani, nikamwonyesha benchi, nikarudi kwa Modest.

Mapigo sikumpima. Nasema tena ili inichome vizuri: sikumpima.

Dakika kumi zikapita.

"Sista! Kuja hapa!"

Alikuwa Nanyori, mama wa Kimaasai anayefanya usafi pale mlangoni mwaka wa tisa sasa. Amepiga magoti kando ya benchi. Morani amelala chini, jasho la baridi linamtoka, midomo imepauka, anaomba maji.

Na mkononi ana utepe mwekundu.

"Nani kabadilisha huu utepe?"

"Mimi. Nimeutoa kwenye mfuko uliouacha hapa. Nimekuita mara mbili, uko na yule wa kelele. Shika mkono wake, maswali baadaye!"

Nikashika. Mapigo yanakimbia hata hayahesabiki, tena yako mbali. Nikagusa tumbo, gumu kama ubao.



"Lakini nilimuuliza, mama! Kasema haumwi!"

Nanyori akaniangalia kwa hasira iliyochanganyika na huruma. "Umemuuliza morani kama anaumwa? Huyu amepita kwenye kisu cha jando hajapepesa jicho, ukoo mzima unamtazama. Leo akuambie wewe binti, mbele za watu, kwamba anaumwa? Atakufa kwanza. Mtu kama huyu shika mwili wake, achana na mdomo."

Tukamkimbiza ndani kwa machela. Bandama imepasuka, damu imejaa tumboni. Dokta Josephati alitoka chumba cha upasuaji saa nane mchana, akavua barakoa.

"Amepona," akasema. "Robo saa zaidi pale kwenye benchi tungekuwa tunaongea mengine."

Nikaenda chooni nikalia.

Kesho yake, kikao cha asubuhi. Wote tupo, Matroni kakaa mbele.

Dokta Josephati akasimama. "Jana kuna morani ambaye hakulalamika hata kidogo, lakini alifungwa utepe mwekundu mapema. Aliyekuwa mlangoni ni nesi wetu mgeni. Mpigieni makofi!"

Makofi yakalia.

Zimebaki siku tisa majaribio yaishe. Nikisema ukweli, narudi Ganako kusikiliza hukumu ya baba. Nikinyamaza, nimepata kazi. Pale mlangoni Nanyori alikuwa anapiga deki, hata hakuinua uso. Yule mama asingesema kamwe.

Nikasimama.

"Siyo mimi. Mimi nilimfunga wa kijani. Sikumpima mapigo kabisa. Aliyebadilisha ni mama Nanyori. Ningeachwa peke yangu, yule kijana angekuwa mochwari."

Deki la Nanyori likasimama.

Matroni akaniita ofisini. Akaweka mezani utepe mwekundu, umekatwa kwa mkasi, fundo bado zima.

"Nyie wa chuo mnafunga fundo la kiatu," akasema. "Hili ni la kufungia ndama. Hakuna nesi wangu analijua. Nilipoliona tu jana, nikajua."

Nikachoka.

"Sasa... mbona Dokta amenisifia?"

"Nilimwomba mimi. Nilitaka kuona makofi utayapeleka wapi."

Akafungua droo, akatoa barua ya kuniachisha kazi, ina jina langu na muhuri tayari. Akaichana vipande vinne.

"Kosa nimesamehe. Nenda kamwombe radhi Nanyori. Kuanzia leo, ajali ikija mnakaa mlangoni wawili, wewe na yeye."

Siku Saning'o anaruhusiwa kwenda nyumbani, nilimuuliza kwa utani, "Kaka, siku ile uliumia?"

Akafikiri. "Kidogo."

Nanyori akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Andika tisa, sista! Kidogo ya morani ni tisa!"

Ndugu zangu, anayepiga kelele bado ana pumzi. Kamtafute aliyenyamaza. Na siku ukipigiwa makofi ya kazi ya mwenzio, simama umtaje kwa jina. Mimi ilibaki kidogo tu ninyamaze, na ile barua ilikuwa tayari imegongwa muhuri.