Datsun haitoki Bagamoyo kabla Felista hajafungua difu

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

Saa mbili asubuhi Tukuyu bado haijaonekana. Ukungu umekalia mabati ya mtaa wa Bagamoyo, na chini ya gari dogo jeupe inachomoza miguu miwili tu, imevaa soksi za wacheza mpira na raba zilizolowa oili. Miguu hiyo ni ya Felista Mwaisumo, fundi magari mwenye umri wa miaka 38. Amelala chali juu ya gunia, tochi mdomoni, na hana haraka.

Wenye haraka ni waliosimama juu yake.

Muuzaji, Joel Mwampiki, anatembea kutoka taa za mbele hadi kwenye buti na kurudi. Mnunuzi, Mzee Ambindwile Mwangomo, amebana mfuko wa rambo chini ya koti, mkono hautoki hapo. Mkewe, Tulia, amejitanda kitenge kwa ajili ya baridi ya Agosti. Tangu wafike hajasema neno zaidi ya kusalimia.

"Fundi, unatafuta nini huko?" Joel anauliza. "Injini umeisikia. Mlimani umelipeleka. Saa sita nina mteja anatoka Kyela, na yule hana habari ya kulala chini ya gari."

"Na aje," inajibu sauti kutoka chini.

Gari lenyewe ni Datsun 120Y ya milango minne, la karibu miaka ishirini. Jina hilo halipo tena madukani. Waliokuwa wakiliunda waliliacha miaka kumi hivi iliyopita, na magari yao siku hizi yanaitwa Nissan. Tangu serikali ilipofungua biashara ya nje, Corolla zilizotumika zinaingia kutoka Japani na Dubai, zikiwa na redio na viti vya kitambaa, lakini bei yake ni zaidi ya shilingi milioni tatu. Datsun hii inauzwa laki tisa na nusu.

Ni Felista aliyemshauri Mzee Ambindwile atafute Datsun. "Jina limekufa, spea hazijafa," anasema. "Ukikosa Mbeya utapata Tunduma. Ukikosa Tunduma utavuka Malawi. Tena ni gari jepesi, linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Matope ya huku linayajua."

Fundi na mzee walikwishakataa magari mawili kabla ya hili. La kwanza, kule Kyela, lilikuwa limeoza sakafu, mtu anaona barabara akiwa amekaa kitini. La pili lilitoa moshi wa bluu kabla halijafika kona. Hili la tatu liliwaka papo hapo, likapanda mlima bila kulalamika, likashuka kimyakimya. Mzee Ambindwile alishuka akicheka.

Felista hakucheka. Kimya cha difu, ule mfuko wa gia za magurudumu ya nyuma, ndicho kilichomtia shaka.

"Difu ya miaka ishirini lazima iimbe kidogo," anaeleza. "Meno yamelika, yanavuma. Hii haivumi kabisa. Halafu bolti ya chini ina mikwaruzo mipya. Kuna mtu ameifungua juzijuzi. Kwa nini?"

Anajivuta kutoka chini ya gari, anajifuta mikono kwa kitambaa, na kutamka maneno ambayo Joel alikuwa akiyaogopa.

"Naomba nifungue difu."

"Haiwezekani," Joel anajibu papo hapo. "Tangu lini mtu akafungua difu ya gari ambalo si lake? Bolti imeganda hiyo. Ukiikata, nani atalipa?"

Mzee Ambindwile anamgeukia fundi wake. Ameendesha lori la kiwanda cha chai kwa miaka ishirini na miwili, hadi alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake. Kwenye ule mfuko kuna kiinua mgongo chake chote, pamoja na bei ya ng'ombe wawili.

"Mwanangu," anasema kwa upole unaoelekea kwisha, "mimi si mgeni wa magari. Hili linakwenda. Tukiendelea hivi, yule wa Kyela atalichukua, na mimi nitabaki natembea na hela mpaka ziishe kwa chumvi na sabuni."

"Baba, usinilipe kwa kukagua ukitaka. Lakini siwezi kukwambia nunua."

Felista anatoza shilingi elfu nne kukagua gari moja, karibu ujira wa wiki wa mchuma chai. Wapo wanaosema ni ghali. Wapo pia wanaosema ni mwanamke mwenye woga tu, anayewaharibia watu biashara. Yote anayasikia. Hajibu, kwa sababu jibu lake linaanzia mwaka 1994, miaka miwili iliyopita, na si hadithi anayopenda kuisimulia barabarani.

Alizaliwa Masukulu, mtoto wa wakulima wa migomba. Akiwa na miaka 24 aliajiriwa kwenye gereji ya shamba moja la chai, kazi yake ikiwa kuosha vipuri kwa dizeli. Fundi mkuu aligundua kwamba binti huyo alikuwa akirudisha kila kipuri mahali pake bila kuuliza, akamkabidhi spana. Miaka kumi baadaye shamba lilipunguza watu, naye akatoka na cheti cha utumishi na sanduku la spana alilouziwa kwa bei ya kuagana.

Miaka miwili baada ya hapo, mdogo wake, Anosisye, alitaka gari la kubebea abiria. Akapata Datsun kama hii kutoka kwa mtu mpita njia. Felista aliisikiliza, akaiendesha, akaridhika. Mvua ilikuwa inanyesha siku hiyo. Hakutaka kulala kwenye matope.

"Nilimwambia nunua," anasema. "Neno moja tu."

Siku ya kumi na moja, kwenye mteremko wa kwenda Masukulu, magurudumu ya nyuma yalishikana ghafla. Gari liliserereka, likaacha barabara, likabingirika kwenye shamba la migomba. Abiria walitoka na michubuko. Anosisye alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti.

Jioni ileile Felista aliifungua ile difu kwa mikono yake. Oili ilitoka nzito kama uji, imejaa nyuzi za maganda ya ndizi. Muuzaji alikuwa amezishindilia humo ili meno yaliyokwisha yasipige kelele.

"Muuzaji alishakwenda zake, sikumpata mpaka leo. Lakini aliyesema nunua si yeye, ni mimi. Na mdogo wangu hajawahi kunilaumu hata siku moja. Angenitukana, labda ningepumzika."

Ndiyo maana asubuhi hii anasimama mbele ya Joel na hasogei.

"Bolti ikikatika nitalipa mimi," anamwambia.

"Utalipa na nini?"

Felista anatazama chini. Kisha anainama, anashika sanduku lake la spana kwa mikono miwili na kuliweka miguuni pa Joel. "Na hili. Ikikatika, chukua. Nikifungua nikakuta ni safi, nimekuvunjia heshima bure, chukua vilevile."

Watu watatu waliokuwa wakienda dukani wanasimama kuangalia. Mzee Ambindwile anafungua kinywa kumzuia, lakini mkewe anamgusa mkono.

"Mwache afungue," Tulia anasema. Ni maneno yake ya kwanza tangu salamu. "Abiria wa kwanza wa hilo gari ni mimi."

Joel anageuka. Anatazama barabara ya Kyela kana kwamba mteja wake atatokea kwenye ukungu na kumwokoa. Hatokei mtu.

"Fungua," anasema mwishowe, kwa sauti ya chini.

Felista anachagua spana moja, anarudi kwenye gunia. Anaivuta. Bolti haitikisiki; aliyeifunga juzijuzi aliikaza kupita kiasi. Anapachika kipande cha bomba kwenye mpini ili kuongeza nguvu, anaweka mguu kwenye gurudumu, anavuta tena. Chuma kinalia. Kichwa cha bolti kinaanza kumeguka pembeni. Manyunyu yanaanza kuanguka na hakuna anayekwenda kujikinga.

Anasimamisha kazi. Anamimina mafuta ya taa kidogo kwenye bolti, anaigongagonga kwa nyundo ndogo, anasubiri. Dakika tano zinapita. Anavuta mara ya tatu, polepole, meno ameyauma.

Bolti inaachia.

Oili inashuka ndani ya karai. Mzee Ambindwile amechuchumaa, uso karibu na ardhi. Felista anatandaza kipande cha khanga kuukuu juu ya karai la pili na kuichuja oili yote, tone kwa tone. Anapapasa kitambaa kwa vidole. Anapitisha sumaku. Anaingiza waya uliopindwa kwenye tundu la difu, anauzungusha kupapasa meno, anautoa, anaumulika.

Halafu anauingiza tena. Anapapasa muda mrefu hivi kwamba Tulia anainama kumtazama.

"Fundi? Kuna nini?"

Felista anauweka waya chini. Anamulika chuma mara ya mwisho.

"Hakuna kitu," anasema. "Ni safi. Meno ni mazima. Hii difu imebadilishwa, ni nyingine kabisa. Ndiyo maana haivumi."

Kinachofuata hakikutarajiwa na yeyote. Joel, aliyepaswa kushangilia, anakaa juu ya jiwe kando ya barabara na kufunika uso kwa viganja.

"Na mimi sikujua," anasema. "Aliyeniuzia alisema ameweka difu nzima. Sikumwona akiiweka. Nilipunguzwa bandarini Itungi, hela yangu yote iko kwenye hili gari. Nililinunua ili niliuze, kisha ninunue lingine. Nilikuwa naogopa uifungue, nikute nimeuziwa takataka. Ningekwenda wapi?"

"Na mteja wa Kyela?" anauliza Mzee Ambindwile.

Joel anatikisa kichwa. Mteja hakuwapo.

Tulia ndiye anayeanza kucheka, na mumewe anamfuata. Joel analiinua sanduku la spana, analirudisha kwa mwenyewe kwa mikono miwili. "Dada, chukua kazi yako," anasema. "Mimi nitachukua nini? Hata kufungua plagi sijui."

Felista analipokea bila kucheka. Anamwambia Joel kwamba kamba ya hendibreki imelegea na gari haliondoki hadi ibadilishwe. Joel anakwenda dukani kuinunua mwenyewe.

Saa saba mchana, difu ikiwa na oili mpya, kamba imefungwa na hela ziko mikononi mwa Joel, Mzee Ambindwile anamwomba Felista aliendeshe hadi nyumbani kwake Masukulu. Anataka Tulia aone linavyokwenda. Felista anakaa nyuma ya usukani kwa muda kabla ya kuwasha. Ni barabara ileile ya mdogo wake. Tangu ile siku ameipita kwa miguu na kwa baiskeli tu.

Wanashuka kwa gia ya pili. Kwenye kona ya mteremko anapunguza mwendo hadi gari linakaribia kusimama, anateremsha kioo, anasikiliza. Kuna mvumo mdogo wa matairi kwenye udongo mbichi, basi. Upande wa kushoto migomba imekwishaota upya. Anaachia breki, na gari linapita kona.

"Ndaga fijo, mwanangu," Mzee Ambindwile anamshukuru wanapofika uwanjani kwake. Kuanzia Jumatatu atakuwa akiwapeleka wagonjwa hospitalini Makandana na wachuuzi sokoni. Tulia amekwishadai kiti cha mbele.

Felista anarudi Tukuyu akiwa amepakiwa nyuma ya baiskeli. Njiani anamtajia mwandishi mpango wake. Amepata kiwanja kidogo Makandana, kando ya barabara, na ameweka mifuko minane ya saruji kwa jirani. Kabla mvua za Novemba hazijaanza anataka awe amechimba shimo la kukagulia magari, lenye ngazi na sakafu kavu, pana kiasi cha kutosha watu wawili.

Wawili kwa nini, ikiwa fundi ni mmoja?

"Mwenye kununua ashuke na mimi," anasema. "Nimpe tochi aishike yeye. Nikifungua, aone kinachotoka. Nimechoka na watu wanaonunua gari kwa sababu Felista kasema. Nataka siku moja mtu atoke shimoni, ajifute mikono, aniambie yeye mwenyewe: fundi, hili nalinunua."