Waliokuja Kumpumzisha Mama

Kiharusi kilipomnyang'anya baba maneno, muuguzi wa hospitali ya Garsen alituambia mambo mawili. Mzee anaelewa kila kitu, ila maneno hayatoki. Na mama anayemuuguza asipopumzika, tutarudi pale na wagonjwa wawili. Mama mwenyewe hakusikia, alikuwa amesinzia wima akiegemea mlango.

Mjomba akasimama kanisani kijijini kwetu Wema, akaomba watu waje wampumzishe dada yake. Wakaja kweli. Walianza wanawake wa kwaya, wakafuata wazee, kisha ukoo mzima wa Ndera. Na kwetu mgeni hatoki na njaa, hata kama amekuja kukupumzisha. Mama akawa anaamka alfajiri kuwatwangia mpunga wasaidizi wake. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Wa kwetu siku ya tatu walileta wenzao. Nilipowaomba angalau wapike, walinishangaa: mgeni aingie jikoni kwa watu?

Baba naye walimsemesha kwa kelele kana kwamba ni kiziwi, wakamuuliza kama amekula, wakajijibu wenyewe kwamba amekula. Nilitamani kuwatupa wote mtoni, nikianza na kwaya.

Jumamosi moja mama alianguka jikoni, mwiko mkononi. Akainuka, akajifuta unga usoni, akauliza kama chai imewatosha. Niliogopa sana. Niliona wazi kwamba atakufa akiwahudumia.

Baba alikuwa ameona. Alijikongoja hadi katikati ya ua, akafungua mdomo, nasi tukangojea ukimya wake wa kila siku. Ikatoka sauti ya kuamia ndege, ile aliyowatimulia shambani miaka yote mpunga ukiiva. Haikukwama hata kidogo. Akawarushia wageni na donge la udongo. Wazee wakaokota bakora, kwaya ikaokota viatu, mjomba akawatangulia wote.

Mama akatoka amejaa haya. "Mzee, umewafukuza wageni?"

Baba alijaribu kujibu, midomo ikacheza bure. Akamshika mkono, akamlaza mkekani, akaketi mlangoni na donge jingine mapajani.

Jioni nilisonga sima ya watu watatu, ikaonekana ndogo hata nikadhani nimekosea. Baba aliimega, akatenga fungu la mama, akalifunika vizuri, akarudi kukaa mlangoni.