Sleeping Partner wa Kinyozi

Aketch aliuza dagaa wa omena Kisumu Ndogo, na mdomo wake ulijulikana Kibera nzima. Mumewe alipofariki alimwachia mashine ya kunyolea ya umeme, na kwake hakukuwa na stima. Basi akaipeleka mtaa wa Kawangware 46, kwa Khamala, kinyozi aliyekuwa bado anahangaika na makasi. Wakapatana: mama atoe mashine, Khamala anyoe, faida wagawane.

Khamala alikuwa ametoka semina ya biashara majuzi tu, na Kiingereza cha huko kilikuwa bado kinamwasha ulimi. Jumapili moja Aketch akamwalika kanisani kwake watoe shukrani. Kijana akasimama mbele, tai imemkaba shingo.

"Bwana asifiwe! Bila mama huyu nisingefika hapa. Huyu ndiye sleeping partner wangu."

Mwanakwaya mmoja akaangusha kayamba.

"Unalala na mama yetu?" akauliza Okello, mzee wa kanisa.

"Hapana, mzee! Yeye ndiye analala. Mimi nafanya kazi yote!"

Hapo hata mchungaji akajifunika uso na Biblia, mabega yakimtetemeka. Aketch alitamani sakafu impasukie.

Baada ya ibada wazee wakawaita kando. Khamala, jasho likimtiririka, akaeleza kwamba hilo ni neno la biashara: mtu ametia mali yake lakini haendeshi kazi, amekaa pembeni tu. Hakuna kitanda hapo. Wazee wakashusha pumzi.

Aketch ndiyo kwanza akawaka.

"Afadhali ungenisingizia dhambi! Mimi naamka jogoo wakiwa bado wanakoroma, nabeba gunia la omena, halafu unaambia kanisa zima nimelala?"

Kesho yake akamwachia dadake Mildred omena, akaenda kukaa mlangoni pa kinyozi, akiwaita wapita njia.

"Wewe! Hicho ni kichwa ama kiota? Ingia!"

Watu waliingia, wengine kwa woga tu. Khamala akanyoa hadi vidole vikafa ganzi, chakula cha mchana akakisahau, na kila jioni akailaani ile semina.

Siku moja Okello akatokea, ati alikuwa anapita tu.

"Mzee," Aketch akamuuliza, "umekuja kunyolewa ama kutafuta kitanda?"

"Kunyolewa," Okello akajibu haraka, akaketi, akavua kofia.

Hakuwa na hata unywele mmoja.

"Khamala," Aketch akaamuru, "mnyoe hivyo hivyo."