Sukari ya Posa Niliyoila Kishanda

Jamani, kuna aibu mtu anaweza kuzisimulia na kuna aibu za kuzikwa nazo, na hii yangu nilipanga kuzikwa nayo kabisa, ila kwa kuwa video yake imeshazunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mpaka kwa binamu zetu walioko Mwanza, heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na mtu mwingine akaongeza chumvi.

Mimi, kama mnavyojua, ni mwalimu wa baiolojia hapa Bukoba, naishi Ijuganyondo, na somo ninalolipenda kuliko yote ni homoni. Nikifika hapo nasahau hata kengele ya mapumziko. Nawaambia wanafunzi homoni ni wajumbe: tezi inawatuma, wanaingia kwenye damu, wanazunguka mwili mzima, na kila mmoja anabisha hodi kwenye mlango wake tu. Insulini inatoka kwenye kongosho, kazi yake kuifungulia sukari milango ya seli ili ikatumike, na isipokuwepo sukari inabaki inazurura kwenye damu huku mwili unakufa njaa. Nafundisha hayo kwa mbwembwe na chaki mbili mkononi, na wakati huohuo kongosho langu mwenyewe lilishagoma kutengeneza hiyo insulini, kwa hiyo najichoma sindano kila siku, tena kwa kujificha chooni kama mwizi. Waliokuwa wanajua ni mke wangu na mdogo wangu Deo. Basi.

Mtaniuliza kwa nini nifiche ugonjwa usioambukiza. Ninyi si wageni, mnajua kwetu binti hatolewi mpaka ukoo wa mwoaji uchunguzwe, wazee wanaulizia huko na huko kama mna kifafa, kama mna wendawazimu, kama mna watu wanaokondakonda bila sababu, na mtu anayemeza au kujichoma dawa kila siku hapa Kagera anajua watu watafikiria UKIMWI kabla hajamaliza kueleza. Sasa Deo alipopata mchumba, Koku, mtoto wa Mzee Ishengoma wa Kishanda kule Muleba, na kwa kuwa baba yetu alishafariki ikaamuliwa mimi ndiye niwe mshenga, nilijiapia kwamba posa ya mdogo wangu haitavunjika kwa sababu ya kongosho langu. Deo alikuwa anampenda yule binti mpaka anatia huruma.

Siku ikafika. Tulipita Muleba mjini tukakamilisha zawadi, sukari, mchele, vitenge na sabuni, kisha tukaelekea Kishanda, na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha gari likagoma kupanda kile kilima, tukaliacha chini na kwenda kwa miguu huku kanzu tumezikunja magotini. Mkoba wangu wenye juisi na pipi (mgonjwa wa kisukari anayejichoma insulini hatembei bila kitu kitamu, hilo ni kama dereva na breki) nikauacha garini. Niliona mshenga mzima kuingia ukweni amekumbatia kimkoba ni kujishushia hadhi.

Tulipokaribia ile nyumba, harufu ikanipiga. Ndizi zimechemka, nyama imeiva, nawaambia hata moshi wake ulikuwa unashibisha. Nikajisemea, hawa watu wako tayari, tukikaa tu sahani zinaletwa, na mimi nikishakaa sitapata tena pa kujificha. Nikawaambia wenzangu natoka kidogo, nikaingia kwenye kibanja, nikasimama nyuma ya mgomba mnene, nikajichoma insulini ya haraka, dozi nzima ya sahani ya ukweni. Uamuzi wenyewe ndio huo. Mwalimu wa baiolojia alisahau kwamba insulini ikishaingia haingoji mtu, na Mhaya alisahau kwamba ukweni hakuna anayepewa ndizi kabla maneno hayajakwisha.

Na maneno hayakuwa na haraka. Tulikalishwa chini ya turubai, Deo ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa (mposaji hafungui mdomo mpaka akubaliwe), tukaletewa kamwani, ile kahawa ya kutafuna, na kwa kuwa kuikataa ni kumkataa mwenye nyumba, nikachukua nikatafuna. Kisha tukapigwa faini ya kuchelewa. Kisha faini ya kuingia na viatu vya tope. Msemaji wao alikuwa shangazi yake Koku, Ma Adela, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kanisani, na alikuwa anafurahia kazi yake.

Moyo ukaanza kwenda mbio. Nikasema ni kamwani, nimeitafuna tumbo tupu. Jasho likaanza kunitoka mgongoni, nikasema ni koti juu ya kanzu. Vidole vikaanza kutetemeka, nikavificha chini ya mapaja, na hapo sikuwa na la kusingizia tena, kwa sababu hilo ndilo ninalolichora ubaoni kila mwaka: sukari ikishuka, vile vitezi vilivyo juu ya figo vinamwaga adrenalini, homoni ya hatari, inapiga moyo, inatoa jasho, inatetemesha mikono, inamwambia mtu tafuta chakula sasa hivi. Kwa mtu mwenye afya kongosho nalo linatuma mjumbe mwingine, glukagoni, akaliamshe ini litoe akiba yake ya sukari, lakini mimi mjumbe wangu huyo siku hizi ni mvivu, naye hakutokea. Niliogopa, jamani. Ubongo unaishi kwa sukari na mimi nilikuwa naumaliza ubongo wangu nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele za watu.

Ningesema tu. Ningesema tu kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, naomba soda," yangeisha. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kabisa, na Ma Adela akasimama.

"Mwalimu," akasema, "mtoto wetu ni mzima, hana doa. Na sisi tunataka kusikia kwako mwenyewe. Huko kwenu kuna ugonjwa wowote?"

Deo aliinua jicho akanitazama, nikamwona.

"Hakuna, waitu," nikasema. "Ukoo wetu ni wazima kama chuma."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Ma Adela akanitazama kwa muda mrefu kidogo, halafu akakaa. Na mimi nikawa nimejifungia mlango kwa nje, maana nikiomba kitu kitamu sasa, kwa mikono inayotetemeka hivi, nani ataamini kwamba ni kiu? Nikaamua kuvumilia. Ujinga wangu ulikuwa bado una nafasi ya kukua.

Yaliyofuata mengine nayakumbuka na mengine nimeyaona kwenye ile video. Nakumbuka watu walianza kuwa wawili wawili. Nakumbuka Mzee Ishengoma, baba mkwe mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, alisimama kuzungumza juu ya mahari, na maneno yake yakawa yananifikia kama ya redio iliyokosa masafa, nikakasirika, sijui hata kwa nini, ila sukari ikishuka sana mtu huwa mkali bila sababu.

"Wewe," nikamwambia Mzee Ishengoma, "kaa chini! Ukitaka kusema nyoosha mkono kwanza!"

Kwenye video unasikia mtu anamwita mama yake kwa Kihaya kwa mshangao, "Mawe!" Mzee wa watu amebaki amesimama na mkono wake hewani. Mimi naendelea, na sauti yangu ni ya mlevi kabisa: "Tangu asubuhi maneno, maneno. Ndizi ziko wapi? Nimezisikia harufu. Leteni ndizi!"

"Amelewa," mtu akasema nyuma. "Wametuletea mlevi." Vijana wawili wa pale wakasimama. Mama mmoja akaanza kuzikusanya zawadi zetu ili tukabidhiwe tuondoke nazo, na kwetu kurudishiwa zawadi maana yake posa imekufa.

Sasa katika ule ukungu niliona kitu kimoja tu vizuri, ule mfuko wa sukari. Nilimvamia yule mama. Siwaongopei, mshenga, kanzu na koti, nilipiga magoti kwenye tope nikauchana mfuko wa posa kwa meno, nikachota sukari kwa kiganja nikaanza kuitia mdomoni, nyingine inamwagikia kwenye ndevu, watoto wanacheka, wazee wamefunika nyuso.

Hapo ndipo Ma Adela aliporuka. Alinishika mkono kwa nguvu zote akapiga kelele: "Mnyang'anyeni! Ana kisukari huyu! Atakufa hapa! Mwenye kisukari hali sukari!"

Wale vijana wakanishika mabega, mtu akauvuta ule mfuko, na mimi sina nguvu hata ya kukunja ngumi. Niliona mkono wenye sukari unaenda mbali na mimi. Nawaambia ukweli, nilidhani ndiyo basi.

Na Deo akasimama. Deo asiyetakiwa hata kukohoa, akavuka lile turubai mbele ya baba mkwe wake akampokonya kijana ule mfuko.

"Mwacheni!" akasema. "Shangazi, sindano imeishusha sukari kupita kiasi, mnaelewa? Asipokula sasa hivi nampoteza kaka yangu!" Akaketi kwenye tope na kanzu yake nyeupe, akaniegemeza kifuani, akawa ananitia sukari mdomoni kidogo kidogo na kuniambia, "Meza. Kaka, meza." Halafu kwa sauti nyingine: "Koku, leta maji!" Na Koku, ambaye alitakiwa abaki amefichwa ndani mpaka aitwe, akatoka mbio na kikombe.

Akili ilirudi taratibu, kwanza masikio, halafu baridi ya kanzu iliyolowa, halafu aibu, na aibu ilirudi yote kwa mara moja. Nikaona watu wote wamesimama kunizunguka. Na swali moja likanijia, nikaliuliza kabla sijafikiri.

"Ma Adela, umejuaje nina kisukari?"

Akajibu kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza. "Mwanangu, Deo alimwambia Koku mwaka jana, na Koku akatuambia sisi. Tulikaa tukalizungumza, tukaona si kitu. Nilikuuliza ili uliseme mwenyewe, nikujibu mbele ya watu kwamba tunalijua na tumelikubali."

Sikuwa na pa kuweka uso. Nilikuwa tayari kufa kwa ajili ya siri ambayo ukoo mzima wa Kishanda ulishaijadili na kuifunga.

Mzee Ishengoma akakohoa. Deo akasimama haraka, tope mpaka kifuani, akainamisha kichwa tena kana kwamba hilo lingesaidia kitu. Mzee alimtazama, akamtazama na binti yake aliyekuwa bado ameshika kikombe.

"Huyu kijana amevunja mila zetu zote kumwokoa ndugu yake," akasema mwisho. "Binti tunampa." Halafu akanigeukia. "Wewe, mwalimu, ndugu yetu utakuwa, maana hatuna namna. Ila ukija tena hapa kusema jambo, uje na mtu mwingine wa kuaminika, alithibitishe."

Nililia, sifichi. Deo alinishika bega, nikalia zaidi.

Siku hizi sindano naichoma mezani, sahani ikiwa mbele yangu na watu wakiniona, na pipi ziko mfukoni hata nikivaa kanzu. Sitaficha tena. Hata nikitaka siwezi, maana kila shughuli ya Kishanda, kabla ya maneno, kabla ya faini, kabla hata ya kamwani, Ma Adela hunishika mkono mbele ya umati akanipeleka jikoni kulishwa pamoja na watoto wadogo. Na mimi huenda.