Virusi Sebuleni kwa Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na hamwamini mtu. Ukimpelekea kitambaa anakipima mbele yako, kisha anakipima tena ukishaondoka. Mimi amenilea na nampenda, lakini hata mimi nikitoka chumbani kwake hunitupia jicho mikononi.

Sebuleni ana kompyuta anayoifunika gubigubi kwa shuka. Humo mna picha za kila gauni aliloshona, na wateja huchagua mishono kutoka humo. Sheria yake ilikuwa moja: flashi ya mtu mwingine isiguse mashine yake. Ya kwake huivaa shingoni kwa kamba, haivui ila akienda kuoga.

Siku moja aliiwasha akakuta mambo yameharibika. Kila folda ilikuwa imeota kishale kidogo, na ukibonyeza haifunguki. Shangazi hakuhitaji ushahidi. Jumamosi iliyotangulia mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, alikaa pale kutazama mpira wakati mkewe akimbembeleza mtoto chumbani. Akampigia simu papo hapo, bila hata salamu.

"Uliingiza nini kwenye mashine yangu?"

"Mama, sikuingiza kitu. Nilitazama mpira tu."

"Mpira hauli picha."

Nilimwambia anamwonea. Akaniuliza kwani mimi nimepewa nini nimtetee. Tangu hapo binti hakuja tena, wala mjukuu hakuletwa. Shangazi alijifanya hajali, ila kila Jumamosi alifagia uwanja mara mbili, akichungulia getini. Nilimwonea huruma, na hasira nilikuwa nazo vilevile.

Mwishowe akamwita fundi wa kompyuta. Akavuta kigoda, akakaa ubavuni mwake asije akaibiwa mishono. Fundi akabonyeza hapa na pale, picha zikarudi zote.

"Hazikupotea, mama. Virusi viliyaficha mafolda yako ya kweli, vikaweka ya bandia. Hivi hupitia kwenye flashi. Hebu nipe yako."

Shangazi alisita, kisha akaivua. Ilipochomekwa tu, programu ya kuua virusi aliyoiweka fundi ikatoa onyo jekundu.

"Hii unaichomeka wapi kwingine?"

"Hakuna. Labda steshenari, nikienda kuwachapishia wateja picha. Na pale naichomeka kwa mkono wangu mwenyewe."

Fundi akacheka. Alisema kompyuta ya steshenari hupokea flashi za mtaa mzima, na haijali ni mkono wa nani umechomeka. Shangazi hakucheka. Alikuwa anatazama kiti alichokalia mkwe siku ile.

Kesho yake tulifunga safari kwenda kwa mkwe. Shangazi aliomba radhi kwa kinywa chake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kulisikia maishani. Binti akampakatisha mama yake mjukuu. Mkwe akasema, "Yameisha, mama," akainuka kwenda kumletea maji. Kabla ya kutoka sebuleni alichukua simu yake iliyokuwa mezani mbele ya shangazi, akaitia mfukoni.

Tulipokuwa tunarudi shangazi akaniuliza, "Uliona?"

Nikamjibu kwamba ni mazoea tu, siku hizi nani anaacha simu yake? Akasema huenda. Lakini shangazi yangu hajawahi kuridhika na maelezo mepesi, na kusema kweli, hata mimi niliona.