Matairi Mawili Niliyomchagulia Bwana Mifugo

Mimi ni mtoto wa Kitundu wa Misigiri, na mama yangu ni Tatu, binti wa wafugaji wa Nduguti. Nilizaliwa Misigiri, sikuketi darasani hata siku moja, na wanaoifuata safu hii wanajua kwamba mimi nasema na mjukuu wangu ndiye anayeandika. Nimeanza na wazazi wangu kwa sababu ninayotaka kuyasema yana aibu ndani yake, na mtu anayesema jambo la aibu sharti kwanza ajulikane ni nani. Jumanne asubuhi mjukuu wangu alinisomea ujumbe kwenye simu: Bwana Mifugo wa zamani amefariki kwake Ikungi, na mazishi yamekwisha kufanyika. Nikamwambia anisomee tena. Akasoma tena, polepole, kama mtu anayedhani babu yake hasikii vizuri. Nikamwambia amalize uji wake, nikatoka nje nikakaa kwenye kigoda hadi jua likanifikia miguuni. Watu wote waliokuwepo katika jambo nitakalolieleza wamekwisha kufa. Mwenye gereji amekufa, madereva wamekufa, marehemu mke wangu, ambaye alilijua nusu tu, naye hayupo. Tulikuwa tumebaki wawili. Sasa nimebaki peke yangu na neno ambalo ni yeye aliyestahili kulisikia.

Sitamtaja kwa jina, maana ana mjane na watoto. Tulimwita Bwana Mifugo kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake: alichanja ng'ombe wa mkoa huu miaka ile Uhuru ukiwa bado mchanga. Alikuwa mwenyeji wetu, Mnyaturu, aliyepelekwa kusoma ng'ambo akarudi na cheti, koti moja zuri, na gari la mbio. Vijana wa leo wameona magari ya kila namna, lakini sisi siku ile tuliacha kazi. Lilikuwa jekundu, la watu wawili, limelala chini kiasi kwamba mtu alilazimika kukunja magoti ili aingie. Mpiga pampu wetu wa petroli alilizunguka mara mbili, kisha akamuuliza, "Bwana Mifugo, shikamoo. Sehemu yake nyingine umeiacha bandarini?" Naye akacheka, akajibu, "Lingekuja lote, mngenitoza kodi kama lori. Jaza."

Alilitunza gari lile kama mtu anayetunza chombo cha kazi. Aliniambia siku moja kwamba alilinunua gari lile huko huko ng'ambo kwa mtu aliyekuwa akihama, tena likiwa limechakaa, na kwamba barabarani lilimfikisha kwenye boma lenye ugonjwa kabla ng'ombe hawajafa. Lakini watu hawakuona hivyo. Waliona rangi.

Mimi nilikuwa fundi wa magurudumu katika gereji moja mjini Singida. Msimamizi wetu, mgeni, alifungasha vitu vyake akarudi kwao muda mfupi baada ya Uhuru, na kesho yake mwenye gereji akaniambia kuwa mimi ndiye mkuu wa idara ya matairi. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijua malori ya ngozi na ya vitunguu kama ninavyojua vidole vyangu. Nikibonyeza tairi kwa gumba nilijua limebakiza safari ngapi kwenda Manyoni. Nikiligonga kwa chuma nilijua kama ndani lina jeraha. Kitu kimoja sikukijua, kusoma, na hicho nilikificha kwa urahisi kuliko mtu anavyodhani. Karatasi humfedhehesha asiyesoma, kwa kuwa anaweza kuishika kichwa chini. Tairi halina kichwa wala miguu. Maandishi yake yanazunguka, na fundi anayelipitisha mkononi huku akikunja uso anaonekana anasoma, hata kama hajui herufi moja.

Ikafika siku matairi ya gari lile yakaisha. Mawili yalikuwa vipara kabisa, na mawili yalikuwa na meno ya kutosha. Kupata tairi la gari la namna ile hapa Singida ilikuwa shida kubwa; mwenye gereji alituma salamu Dodoma kwa madereva, na baada ya wiki kadhaa yakaja manne yenye kipimo sawasawa na rimu zile. Lakini hayakuwa ya namna moja. Mawili yalikuwa magumu ubavuni, ndugu wa yale yaliyokuwa garini. Mawili yalikuwa laini. Nikibonyeza ubavu wake ulikwenda ndani kama tumbo la ndama, na mpira wake wa juu uling'ang'ania gumba langu. Bwana Mifugo alikuwa ameegemea boneti, akitia sahihi vyeti vya chanjo, kwa maana ugonjwa ulikuwa umeingia bondeni, upande wa chini wa mlima Sekenke, na alitakiwa huko mchana uleule.

"Fundi," akaniambia bila kuinua kichwa, "nitafunga yapi?"

"Haya laini, Bwana Mifugo. Yanashika. Gari la mbio linataka mguu unaoshika."

"Na ni aina moja na haya yaliyobaki? Nilisikia siku hizi nyuzi za ndani wanazisuka kwa namna mbili, na kwamba hazichanganywi. Hebu soma ubavuni, imeandikwaje?"

Wasomaji wangu, hapo ndipo mahali nilipokosea. Karani wa gereji alikuwa hatua kumi kutoka pale, anakunywa chai. Ningemwita. Bwana Mifugo mwenyewe ningemwambia, "Bwana, njoo utazame wewe, mimi macho ya herufi sina," naye angetazama, maana hakuwa mtu wa kumcheka mwenzake. Badala yake nikalizungusha tairi polepole, nikapitisha gumba juu ya yale maandishi, nikakunja uso.

"Ni ile ile," nikasema.

"Sawa. Mimi najua ng'ombe, wewe unajua matairi. Funga."

Nikafunga. Tena nikafunga kwa desturi ya malori yetu, ambayo kila dereva wa mkoa huu aliifuata: matairi mapya huenda mbele, kwa sababu tairi la mbele likipasuka usukani unakuua, na la nyuma likipasuka unasimama tu ukajifuta jasho. Kwa lori lenye matairi ya namna moja, desturi ile haina ubaya. Kwa gari lile ilikuwa kumchimbia mtu shimo. Yale laini, yaliyosukwa kwa namna mpya, yaliishika barabara upande wa mbele, na yale magumu ya zamani hayakuweza kushika kiasi hicho upande wa nyuma. Penye njia iliyonyooka hakuna ambacho angekihisi. Penye kona, mbele kunatii na nyuma kunaachia.

Na Sekenke ni kona tupu. Alipinduka kwenye mteremko, kona ya tatu, akavunjika nyonga. Wafugaji waliokuwa wakimngoja chini ndio waliopanda kumtoa. Gari lilirudishwa kwetu juu ya lori, na dereva wa lori hilo, mzee aliyewahi kuendesha hadi Nairobi na Kampala, alishuka akachuchumaa kwenye magurudumu, akabonyeza la mbele, akabonyeza la nyuma, akasoma. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani amefunga laini mbele na ngumu nyuma? Huyo alitaka kumuua mtu wa watu."

Nikajibu, "Sijui. Alikuja nayo hivyo hivyo."

Yule mzee alinitazama kidogo. "Basi alifungiwa na adui," akasema, akaenda kuomba maji.

Ningeweza kusema kwamba nilikuwa bado sijui uzito wa kosa langu. Lakini tangu saa ile nilijua. Na bado mkutano ulikuwa haujafanyika. Siku zile ndipo tulipokuwa tunaambiwa kwamba viongozi na wasomi wasijitenge na wakulima, waishi kama sisi, wale tunachokula. Maneno hayo niliyapenda na bado nayapenda. Lakini yaliposhuka hadi kwetu yalimkuta mtu mmoja mwenye gari jekundu lililopinduka, nao waliokuwa wakimwonea kijicho wakapata pa kuanzia. Akaitwa kwenye mkutano wa hadhara akiwa na magongo mawili. Msemaji mmoja akamwonyesha kidole: "Ng'ombe wetu wanakufa bondeni, daktari wao anashindana na upepo! Mbio hizo alikuwa anamwonyesha nani?" Watu wakacheka. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Si angepanda baiskeli kama bwana shamba," wakacheka tena. Mimi nilikuwa mstari wa tatu. Wale wafugaji wa bondeni hawakuwepo kusema kwamba alikuwa anawaletea dawa. Bwana Mifugo akasimama kwa shida, akasema maneno machache: kwamba mwendo ulikuwa wake, usukani ulikuwa wake, asilaumiwe mwingine, na anaomba radhi kwa wananchi. Alipokuwa akiketi macho yake yalipita kwetu mafundi, akanipungia mkono. Alinipungia mkono kwa salamu, kwa kuwa alikuwa amefurahi kuona sura anayoijua.

Nami sikusimama.

Nyonga ile haikupona sawasawa. Hakuweza tena kutembea boma kwa boma, wakampa meza na mihuri ya vibali vya ngozi, kazi ambayo haikuhitaji mtu aliyesoma ng'ambo. Wafugaji wa mkoa huu walimkosa mtu mwema kwa miaka mingi, na wengi wao walikufa wakiamini kwamba majivuno yake ndiyo yaliyomwangusha. Baadaye vijiji vilipohamishwa na watu kupangwa upya, yeye akaangukia Ikungi, mimi nikarudishwa kwetu Iramba, na nilishukuru kwa umbali huo. Nikienda mnada wa Ikungi nilikuwa napitia upande wa pili wa barabara. Siku moja akaniona akiwa amekaa mlangoni kwake, akaniita kwa sauti kubwa, "Wee fundi! Unanipita kama mimi ni kituo cha polisi! Njoo unywe togwa." Nikamwambia nina haraka, lori linaniacha. Akasema, "Lori la nani? Wewe ndiye uliyekuwa unayafunga magurudumu, halikuachi," akacheka mwenyewe. Lori lilikuwa halijafika. Nilikwenda nikasimama nyuma ya ghala la karanga muda mrefu wa alasiri ile, nikingoja, huku nikimwona pale mlangoni kwake, peke yake, anatazama barabara. Sisi wawili tungeweza kuketi pamoja. Alikaa peke yake kwa kuwa watu waliamini ana kiburi, na mimi nilikaa peke yangu kwa kuwa nilijua hakuwa nacho.

Nimetafakari sana kwa nini sikusema. Uoga wa kupoteza kazi ulikuwepo, lakini haukudumu. Gereji ile yenyewe ilikufa. Kilichodumu ni kitu kingine. Miaka ile tulipandishwa wengi kwa siku moja, wageni walipoondoka, na kila mmoja wetu alihisi kwamba akisema "hili silijui" atakuwa amewathibitishia wale walioondoka kwamba hatukuwa tayari. Hivyo tukajifunza kukunja uso. Kisomo cha watu wazima kilipokuja, benchi liliwekwa mita chache kutoka nyumbani kwangu, na mke wangu alikwenda, akajua kuandika jina lake. Mimi nilikataa. Nilisema nimechoka na kazi. Ukweli ni kwamba kuketi kwenye benchi lile kungekuwa kuungama kwamba siku ile, mbele ya yale matairi, sikusoma. Sisemi kwamba asiyesoma ni mjinga. Gumba langu halikudanganya kuhusu mpira ule, ulishika kweli. Nasema kwamba fundi anayeficha asichokijua hakiondoi. Anakihamishia tu mwilini mwa mtu mwingine, na mtu huyo atakibeba bila kujua amebebeshwa na nani. Mwenye kazi ya mikono, na mwenye kazi ya kalamu vilevile, aliseme neno "sijui" wakati gari bado liko kwenye jeki.

Sasa wewe mjukuu, andika hili kama ninavyolisema, usilipambe. Baba yako ana kasanduku kenye vyeti vya ardhi. Nakala moja ya maneno haya uiweke humo na uitunze, ili watoto wako wasije wakasimuliwa kwamba babu yao alikuwa fundi asiyekosea. Nakala ya pili uipeleke Ikungi. Utamwamkia mjane wake shikamoo kabla ya neno lolote, utasimama, hutaketi hata ukikaribishwa, kisha utawasomea yote, yeye na watoto wake, na mahali niliposema "Sijui, alikuja nayo hivyo hivyo" usipunguze sauti. Waambie kwamba baba yao hakuwa anashindana na upepo. Alikuwa amebeba dawa, na alikwenda mwendo wake wa kila siku. Wakilia, ngoja. Wakikufukuza, ondoka kwa heshima, uwaachie karatasi. Usiniombee msamaha, maana mwenye kuutoa amekwisha kuzikwa. Na utakaporudi nyumbani usinieleze walivyolipokea. Nilimwacha mtu aishi na maneno ya watu miaka yote hiyo bila kujua yalikotoka. Nami nitaishi hizi siku zilizobaki bila kujua.