Isale kwa Ajili ya Sauti Iliyochanika

Gitaa la umeme likilia safi, mimi husinzia. Sauti niliyoitaka ni ile ya bendi za gereji, iliyochanika, inayokwaruza kama bati linaloburutwa kwenye saruji. Nilihangaika nayo miaka. Vikuza sauti vya dukani vilinipa kelele tu.

Niliipata nyumbani, mlimani, kwenye redio ya mbao ya marehemu babu, zile za zamani zenye taa za vioo ndani ambazo lazima uzisubiri zipate moto. Nilichomeka gitaa nyuma yake, nikaipasua karatasi ya spika kwa wembe, kisha nikabandika utepe wa ganda kavu la mgomba nyuma ya ufa ili utetemeke. Nilipopiga waya wa kwanza, ng'ombe alirudi kinyumenyume zizini. Nilicheka hadi machozi.

Mtu pekee niliyemsikilizisha ni rafiki yangu, mpiga besi, tuliyepata naye kipaimara siku moja. Tulikubaliana kurekodi pamoja mambo yakitulia. Hayakutulia. Mama aliugua, akalazwa hospitali ya Mawenzi, nami nikawa mtu wa wodini. Funguo za nyumba nilimwachia rafiki yangu huyo, awakatie ng'ombe majani. Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo niliikariri shuleni na haikunisaidia kitu.

Mama aliporuhusiwa, nilishuka sokoni Kwa Sadala kumnunulia unga wa uji. Redio ya kinyozi ilikuwa inapiga gitaa lenye sauti ya spika yangu. Niliitambua sauti kwanza, kisha wimbo, maana nao ulikuwa wangu. Rafiki yangu alikuwa ameurekodi nyumbani kwetu, mimi nikiwa namlisha mama hospitalini. Mtangazaji akamuuliza sauti ile ameitoa wapi. Akajibu, bila hata kukohoa, kwamba ameivumbua peke yake chumbani kwake. Angeniibia ng'ombe ningeumia kidogo kuliko vile.

Haikuchukua muda akasikia kwamba nimejua, akaja na mjomba wake, mkononi ana jani la isale lililofungwa fundo. Huku kwetu ukiletewa isale ya kuombwa msamaha, hukatai. Hata damu imewahi kuombewa kwa jani hilo. Mama alikuwa ameketi mlangoni ananitazama. Nikampa mjomba shikamoo yake, nikapokea jani, nikasema yameisha. Pombe ya mbege ikaletwa, tukapokezana kibuyu.

Rafiki yangu akajifuta povu mdomoni, akasema kwa upole, "Ndugu yangu, nimetafuta redio kama ile ya babu, nimechomeka gitaa, lakini haitoi. Jumamosi nina onyesho mjini. Ile spika uliifanyaje?"

Jani lilikuwa bado mkononi mwangu. Wote wakawa wananisubiri. Ningekataa kusema, ingekuwa sawa na kumrudishia isale yake mbele ya mjomba, na mtu wa namna hiyo kwetu haalikwi tena penye watu. Nikamweleza yote, wembe, ganda la mgomba, hata upande wa kubandika. Akatoa simu akawa ananirekodi, mjomba wake akitabasamu kwa kuona udugu umerudi.

Sijamsamehe mpaka leo, na siwezi kumwambia mtu, hata mama, kwa sababu wote waliniona nikilipokea jani.